Kucheza Doom ya 1993 kwa mara ya kwanza kwenye laptopu ya mtumba

Vijana wengi hapa Kisumu wamejifunzia gemu za risasi kwenye simu. Free Fire, PUBG Mobile, Call of Duty Mobile: gumba moja linatembea, jingine linalenga, na bando linakatika mechi ikiwa tamu. Wakisikia kuna gemu ya risasi ya 1993 yenye faili la megabaiti nne, isiyodai intaneti, inayokubali laptopu ambayo hata Chrome inaishinda, wanaipakua wakidhani ni ya kuchekwa. Baada ya dakika kumi wamekufa mara kadhaa na wanatangaza gemu ni mbovu. Shida ni kwamba wameicheza kama ya simu: wanajibanza nyuma ya ukuta, wanachungulia, wanalenga kichwa. Doom inataka miguu kwanza, shabaha baadaye.

Iliyoiunda ni kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, na ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. Sehemu ya kwanza, yenye leveli tisa, ilitolewa bure ili watu wainakili na kupeana, na aliyenogewa akanunua sehemu mbili zilizobaki. Mwaka wa 1997 kampuni ikaachilia msimbo wa gemu, ndiyo sababu wapenzi wake wameendelea kuitengenezea programu za kuiendesha kwenye kompyuta za leo. Kwa hiyo hakuna wizi katika haya yanayofuata.

Mashine

Doom iliandikiwa kompyuta zenye kichakato cha zamani cha 386 na kumbukumbu ya megabaiti nne. Laptopu yoyote ya mtumba utakayoipata madukani Oginga Odinga Street inaibeba bila kutoa jasho. Feni haitapiga kelele hata kwenye joto la Kisumu la saa nane mchana, na stima zikipotea jioni, betri haitakimbia kama unapotazama filamu.

Ila nunua kipanya. Cha waya, cha bei ya chini kabisa, kinatosha. Kile kibao cha kuguswa cha laptopu hakitakuwezesha kugeuka haraka nyuma kukivamiwa, na hapo ndipo wanaoanza hufia. Chukua pia spika za masikioni, kwa sababu zimwi aliyekuona hulia, na mlio huo utausikia kabla hujamwona. Doom ya Android ipo, lakini usianzie huko. Vidole vinafunika nusu ya vita.

Kama huna laptopu yako, programu nitakayoitaja haihitaji kusakinishwa. Inakaa kwenye flashi na kufunguliwa kutoka hapo, ukishaelewana na mwenye saiba. Omba ruhusa kwanza. Wenye saiba wamechomwa na virusi vya flashi za watu hadi wamekuwa wakali.

Vitu viwili vya kupakua

Hapa wengi hupotea kwa sababu wanatafuta kitu kimoja cha kubofya. Unahitaji injini, yaani programu inayoendesha gemu, na unahitaji faili la WAD, lenye leveli, picha, sauti na mazimwi wenyewe. Kimoja bila kingine hakifanyi lolote.

Injini ninayopendekeza ni Crispy Doom. GZDoom inasifiwa sana na ina mapambo mengi, lakini inataka mashine yenye uwezo wa picha ulio bora kidogo, na inaweza kukuruhusu kuruka na kulenga juu na chini, mambo ambayo leveli za 1993 hazikujengewa. Chocolate Doom nayo inaiga ya zamani hadi kasoro zake, na picha ya nukta 320 kwa 200 iliyojaa vijimraba. Crispy imezaliwa kutokana na Chocolate. Imeongeza ukali wa picha na starehe chache, mchezo wenyewe ikauacha ulivyo. Chukua toleo la Windows kwenye ukurasa wa mradi wenyewe, si kwenye tovuti zenye vitufe vya kijani vinavyopepesa. Ni zip, yaani faili lililobanwa, ya megabaiti chache. Toa vilivyomo vyote uviweke kwenye folda mpya. Ukijaribu kuifungua ukiwa bado ndani ya zip haitakwenda. Windows huenda ikakuonya kwamba haimjui aliyeitengeneza. Kama umeitoa kwa wenyewe, endelea.

Kisha tafuta doom1.wad, toleo la 1.9, ambalo ndilo lile la bure. Likishashuka, bofya kulia uangalie ukubwa wake: linapaswa kuwa baiti 4,196,020 kamili. Kama ni tofauti, umepewa kitu kingine. Na kama faili linaishia na .exe huku likijiita Doom nzima ya bure, lifute bila hata kulionja.

Weka doom1.wad kwenye folda ile ile ya Crispy, ubofye crispy-doom. Muziki utalia, jina litatokea, halafu gemu itaanza kujicheza yenyewe. Hujaharibu kitu, ni maonyesho tu. Bonyeza Esc upate menyu.

Vitufe, kabla ya damu

Usianze bado. Funga gemu ufungue programu nyingine iliyo kwenye folda hiyo, crispy-doom-setup. Watu wa 1993 walitembea kwa mishale, wakapiga kwa Ctrl na kushika Alt ili kwenda kando kando. Ukijaribu hivyo leo, vidole vitafungana. Ingia sehemu ya kibodi uhakikishe W ni mbele, S nyuma, A ni kwenda kando kushoto na D kando kulia. Hiyo "kando" ni muhimu kuliko yote: unasogea pembeni huku uso ukibaki kwa adui. Kupiga iwe ni kitufe cha kushoto cha kipanya. Mlango na swichi vinafunguliwa kwa kile kitufe kirefu cha nafasi. Nambari 1 hadi 7 zinabadilisha silaha, Tab inafungua ramani.

Humo humo kuna mahali pa kuweka mbio za kudumu. Weka. Kutembea polepole hakuna faida hapa.

Kwenye sehemu ya kipanya, zima kile kisanduku kinachoruhusu kipanya kusogea wima. Zamani, kusukuma kipanya mbele kulimsogeza mchezaji mbele. Usipokizima utajikuta unateleza kuelekea kwenye moto kila unapojaribu kulenga, na hutajua kwa nini.

Ukirudi ndani ya gemu, fungua menyu ya machaguo, uingie sehemu ya Crispness. Ongeza ulaini wa mwendo, kwa sababu ya asili inaishia kwenye picha 35 kwa sekunde, na uweke alama ya shabaha katikati kama umeizoea. Skrini yako ikiwa hafifu, F11 inaongeza mwangaza. Kwenye laptopu nyingi vitufe vya F vimepewa kazi za sauti na mwanga, kwa hiyo shika Fn pamoja nacho.

Ugumu

Gemu itakuuliza ugumu, ngazi tano kutoka rahisi hadi ngumu. Ya kwanza inakupunguzia maumivu kwa nusu na kukuzidishia risasi mara mbili. Ni ya watoto, ingawa gemu yenyewe si ya watoto. Chagua ya pili. Kama umeshacheza za risasi miaka mingi, ya tatu. Ya mwisho mazimwi uliowaua wanafufuka na kurudi, na hata gemu inakuuliza kama una hakika.

Na tukiwa kwenye hilo: kuna damu, kuna mafuvu, kuna alama za kishetani ukutani. Ujerumani iliiweka kwenye orodha ya vitu visivyouzwa kwa watoto kuanzia 1994 hadi 2011. Kama unaishi na mama wa maombi, kaa skrini ikiangalia ukuta.

Leveli ya kwanza

Inaitwa Hangar, na wachezaji huiandika E1M1. Una bastola, risasi 50 na afya asilimia 100. Kabla ya kwenda popote, zunguka chumba hicho cha kwanza ukikimbia. Utashtuka kasi yake. Huyu askari anakimbia kuliko bodaboda wa Kondele aliyeona abiria ng'ambo ya barabara, na kasi hiyo ndiyo ngao yako.

Upande wa kushoto kuna chumba chenye ngazi, na juu yake deraya ya kijani. Ichukue, inameza theluthi ya kila pigo. Dirisha la kulia linaonyesha ua wa nje wenye deraya ya buluu, inayomeza nusu. Dirishani hupiti. Njia ni ya siri, na iko mbele zaidi kwenye leveli hiyo hiyo. Siri za Doom hufichwa nyuma ya kuta zinazotofautiana kidogo na jirani zake, kwa rangi au mchoro. Sogea uubonyeze ukuta kwa kitufe cha nafasi. Wengine hupoteza muda wakibonyeza kila ukuta; usifanye hivyo, angalia kwanza.

Mbele utafika chumba chenye daraja la kupindapinda juu ya majimaji ya kijani. Majimaji hayo huchoma, na ndivyo ilivyo katika leveli nyingi, kwa hiyo baki darajani. Ng'ambo kuna mashetani wa kahawia wenye miiba, wanaoitwa Imp, wanaorusha mipira ya moto. Simama hapo ujizoeze. Mpira unakuja polepole vya kutosha kuuona. Unapotoka mkononi mwake, bonyeza A au D, upite kando, upige. Tena. Usirudi nyuma, kwa maana moto unakufuata kwenye mstari ule ule.

Adui akiwa juu ya kibaraza usihangaike kulenga juu. Mweke katikati ya skrini kwa upande tu, risasi itapanda yenyewe. Hakuna kuruka, hakuna kuchuchumaa.

Mpwa wangu, aliyelelewa na Free Fire, alifika chumba hicho akiwa na afya 31. Akarudi nyuma ya nguzo, akaachia kipanya, akasubiri. Nikamuuliza anangoja nini.

"Anko, damu irudi."

"Haitarudi."

"Mpaka lini?"

Haitarudi kabisa. Afya huongezeka kwa kuokota: kisanduku kidogo kinaongeza 10, kikubwa 25, vichupa vya buluu moja moja hata ukivuka 100, na lile tufe la buluu lenye uso linaongeza 100 kwa mkupuo, mwisho 200. Ukiwa na afya 95 na umeona kisanduku kikubwa, kiache. Kumbuka kilipo, upigane, kisha ukirudie. Kupanga visanduku kichwani ni nusu ya ujuzi wa Doom.

Nani wa kukimbia, nani wa kukabili

Mazombi wenye bunduki ni hatari kuliko wanavyoonekana, kwa sababu risasi zao hazisafiri, zikipigwa zimefika. Huwezi kuzikwepa. Hawa ndio pekee wa kujificha kwenye pembe, na hata hivyo kwa sekunde moja: tokea, piga, rudi. Wabaya zaidi ni wenye kipara. Kila pigo lao linatoa marisau matatu, na wakikushika watatu uwanjani hutamaliza sentensi. Waue kwanza kuliko mtu yeyote chumbani. Kipara akianguka anaachia bunduki ya marisau, na kuanzia hapo bastola isahau. Bunduki hiyo inatoa marisau saba kwa pigo moja. Zombi wa kawaida anaanguka kwa pigo moja la karibu; Imp mara nyingi vilevile.

Yule wa waridi mwenye mdomo mpana, ambaye wachezaji wamemwita Pinky, hana bunduki. Anauma tu. Simama mlangoni waje mmoja mmoja, urudi nyuma ukipiga. Mapigo mawili au matatu ya karibu yanatosha. Ukipata msumeno wa injini, ule wa kukatia miti, uliofichwa leveli ya pili, mshike nao tu. Unamduwaza, na risasi zako zinabaki.

Halafu kuna jambo ambalo gemu nyingi za leo zimelisahau, nami naona ni kosa lao: mazimwi hugombana. Moto wa Imp ukimpata zombi, zombi anakuacha na kumgeukia Imp. Kwa hiyo ukiingia chumba kilichojaa, usifyatue. Kimbia mzunguko mpana, jiweke mahali ambapo mmoja akikukosa atampata mwenzake, uwaache wamalizane. Ukiwa na risasi nne tu, huo ndio mpango wa pekee wenye maana. Mapipa nayo hulipuka. Mvute adui karibu na pipa, upige pipa. Angalia tu usiwe karibu nalo wewe.

Jua pia kwamba mlio wa bunduki husafiri. Ukipiga risasi moja, walio vyumba vilivyoungana na ulipo wanaamka na kuanza kukutafuta, hata kama hujawaona. Kuna wachache wanaovizia kimya hadi wakuone. Ukisikia milio nyuma ya mlango, rudi hatua kadhaa uwangoje.

Ukipotea, bonyeza Tab. Milango yenye rangi inataka kadi ya buluu, ya njano au nyekundu. Mtu aliyekwama kwa nusu saa huwa amepita swichi bila kuiona.

Kuhifadhi

Ukifa, leveli inaanza upya na unarudishiwa bastola na risasi 50, hata kama uliingia na silaha zote. F6 inahifadhi papo hapo, F9 inarudisha. Hifadhi mwanzoni mwa kila leveli, na tena ukishapata kadi. Usihifadhi ukiwa na afya 6 huku kipara yuko nyuma ya mlango, kwa sababu utakuwa umejifungia humo. F2 inakupa nafasi kadhaa tofauti, itumie.

Wengine hupata kizunguzungu kwa sababu picha inayumba askari akikimbia. Washa taa chumbani, kaa mbali kidogo na skrini, upunguze dirisha la mchezo kwa kitufe cha kutoa. Kichefuchefu kikianza acha kwa siku hiyo, ukilazimisha kitazidi.

Mwisho wa sehemu ya kwanza

Leveli ya nane inakukutanisha na mazimwi wakubwa wawili kwa mpigo, wanaoitwa Baron, kila mmoja ana nguvu 1000 wakati Imp ana 60. Usisimame. Wazunguke huku uso ukiwaelekea, upite kati ya moto wao wa kijani, uwapige roketi ukiwa mbali. Ukiwa karibu mlipuko unakuumiza wewe pia. Wakianguka, kuta zinashuka na utaona mahali pa kukanyaga patakapokupeleka kwingine. Nenda. Chumba cha giza kitakuvamia na utaanguka hata ukiwa na afya 200. Hujashindwa. Ndivyo sehemu hiyo inavyoisha, na maandishi yatafuata. Ninalisema mapema kwa sababu nimeona watu wakirudia mapigano yale usiku kucha wakidhani kuna njia ya kutoka hai. Leveli ya tisa nayo ni ya siri, na mlango wake umefichwa ndani ya ya tatu.

Ukitaka zaidi bila kulipa, kuna Freedoom, WAD ya bure kabisa iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, yenye picha na mazimwi yake yenyewe. Buruta faili la freedoom1.wad ulidondoshe juu ya ikoni ya crispy-doom, litafunguka. Doom kamili inauzwa Steam na GOG, na humo ndimo mnamopatikana bunduki ya plazima na ile kubwa kabisa iitwayo BFG, ambazo toleo la bure halina.

Na kama jirani ana laptopu, hamhitaji bando kucheza pamoja. Unganisheni mashine zote mbili kwenye ruta moja, hata isiyo na intaneti. Mmoja afungue crispy-doom-setup aanzishe mchezo wa mtandao, mwingine achague kujiunga. Windows ikiuliza kama programu iruhusiwe kupita kwenye mtandao wa nyumbani, mkubali nyote wawili. WAD iwe ile ile na toleo la Crispy liwe lile lile, la sivyo hamtaonana. Gemu inabeba hadi wachezaji wanne, na ni ya kushirikiana au ya kuuana, mtakavyo.